Tvary: umbo na uso

Kamusi nyingi zitakwambia neno la Kicheki tvary ni maumbo: duara, pembetatu, basi. Hiyo ni nusu ya neno. Umoja wake ni tvar, na ukoo wake ni mkubwa: tvořit ni kuumba, tvor ni kiumbe, Stvořitel ni Muumba. Jamani, si ukoo uleule wa kwetu? Umba, umbo, kiumbe! Ndiyo maana mfasiri anayekimbilia “shepu” ananikera. Neno lilikuwa linamsubiri nyumbani.

Wacheki hulipeleka hadi kwenye sarufi: mofolojia wanaiita tvarosloví. Jarida moja la fasihi la Prague linaitwa Tvar. Hata tvaroh, jibini lao laini, limo humohumo.

Panaponishinda ni tvář, uso. Kwa Mcheki, umbo na uso vimetenganishwa na vialama viwili tu juu ya herufi. Uso wetu hauna undugu na umbo; sura nayo ilitujia kutoka Kiarabu. Sasa mshairi akiyachezesha hayo mawili katika mstari mmoja, mimi niandike nini? Nimejaribu “umbo la uso”. Linasomeka kama tangazo la mtu aliyepotea.