Alama Hasi na Taswira ya Kioo: Tatizo la Istilahi au la Mapatano?

Uwezo wa Kiswahili wa kubeba sayansi hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la kupata maneno tu. Maneno ya fani ya vioo yapo: kioo mbonyeo na kioo mbinuko, taswira halisi na isiyo halisi, chanya na hasi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa katika njia hiyo. Hata hivyo, nyuma ya istilahi pana mapatano, na mapatano yasipotajwa, hata neno sahihi laweza kupotosha.

Tuseme kitu kimewekwa sentimita 15 mbele ya kioo mbonyeo chenye urefu wa fokasi wa sentimita 10. Kwa mapatano ya kwanza, kila kilicho halisi ni chanya. Umbali wa taswira ni 30. Kwa mapatano ya Kikartesi, umbali unaopimwa kutoka kwenye kioo kwa kufuata mwelekeo wa mwanga unaokiendea ndio chanya. Kitu kinakuwa −15, fokasi −10, na jibu −30. Taswira ni ile ile, na mahali ni pale pale, mbele ya kioo. Kilichobadilika ni maana ya "hasi": kwanza ilitaja kutokuwa halisi, sasa yataja mwelekeo tu. Mwanafunzi akichanganya, akatia 15 na −10, hupata −6. Hesabu yake haina kosa; ila amejibu swali la kioo mbinuko, ambacho hakuulizwa.

Kiswahili chenyewe kina msaada usiofaa kupuuzwa. Kioo kina uso, hivyo "mbele" na "nyuma" havibadiliki hata mchoro ukigeuzwa, ilhali "kulia" na "kushoto" hubadilika. Kwa kitu kilichosimama mbele ya kioo, taswira halisi huwa mbele na isiyo halisi nyuma. Ni kweli kwamba msaada huo haufiki kwenye lenzi, ambayo mwanga huipenya. Hapo ndipo mapatano ya Kikartesi yanapoonyesha nguvu yake.

Hapana budi, basi, mwandishi wa kitabu ataje mapatano yake kabla ya kanuni, na aeleze jibu kwa maneno baada ya alama. Pasipo hayo, lugha italaumiwa kwa kosa lisilo lake.