Ilizimika Ghafla au Ilififia?

Kijana wa boti alikuwa ameivuta kamba ya mashine hadi viganja vikawa vyekundu. Mwanzo mashine ilikohoa. Baadaye hata kukohoa ikaacha. Tulikuwa gati la Mokowe, abiria wa Lamu, jua limeshapanda, na kila mtu ana lake: vuta choki, badilisha plagi, ipumzishe.

Mzee fundi alipofika aliitikia shikamoo, akakaa ukingoni mwa boti, mkoba wa spana ameufunga vilevile. Akauliza: "Ilizimika ghafla au ilififia?"

"Ilififia, mzee. Nilijaza mafuta Lamu, ikaja vizuri, karibu na gati ikalegea, ikalala."

Swali hilo ndilo ufundi wenyewe. Mashine ikikatika ghafla, aghalabu moto wa plagi umepotea. Ikififia, ina njaa. Kwa maneno mawili ya kijana, nusu ya mashine ilishatoka lawamani. Mimi niliwahi kumlipa mtu anisafishie kabureta iliyokuwa safi kuliko sahani zangu, kwa sababu hakuniuliza chochote.

Mzee akafungua plagi moja, akaipitishia kidole. Kavu. Ingekuwa imelowa petroli, angetafuta cheche. Akafuata mpira wa mafuta hadi kwenye kile kipira cha kubonyeza: kimenywea, kimebonyea kama shavu la asiye na meno. Hapo akatabasamu. Akalegeza kijiskrubu kilicho juu ya kifuniko cha tanki, tukasikia fyuuu, tanki linavuta pumzi. Toboa nazi jicho moja tu uone kama maji yatamwagika. Tanki nalo ni hivyo hivyo. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki, hata yawe lita 20.

Kijana akainamisha kichwa. Ni yeye aliyekikaza kijiskrubu baada ya kujaza, asimwage petroli njiani.

Kijana akabonyeza kipira mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba mara mbili. Ikanguruma, moshi wa oili ukatutia machozi. Abiria wakaanza kugombea nafasi za kivulini. Mzee hakushuka. Aliinama nyuma ya mashine, akakinga kiganja kwenye ule uzi wa maji unaotoka ubavuni, akasubiri mpaka maji yakawa ya uvuguvugu. Ndipo akaipanda ngazi ya gati, mkono ukidondosha matone.