Ng'ombe Mmoja Kihambani: Hesabu ya Tumbo na Jicho la Karibu

Katika vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ng'ombe anaweza kuzaliwa, kukua, kuzaa mara kadhaa na kuzeeka bila kukanyaga malisho hata siku moja. Hachungwi. Majani hukatwa yakaletwa mbele yake, maji huchotwa yakamfuata, na samadi yake huzolewa ikapelekwa kwenye migomba na mibuni iliyo hatua chache kutoka bandani. Mtu aliyekulia kwenye jamii ya kuhamahama na mifugo hushangaa kuona nyumba nzima ikimzunguka mnyama mmoja. Ndani ya mazoea hayo ya nyumbani umo ufundi mkubwa, na ufundi huo ndio unaochambuliwa hapa.

Ukanda wa vihamba uko takriban kati ya mita 900 na 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini yake tambarare kavu na juu yake msitu wa hifadhi. Ardhi imebanana, basi watu wameipanga kwa kwenda juu: miti mirefu kama msesewe na mgrevea, chini yake migomba, kisha mibuni, halafu magimbi na majani ya mifugo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu, kupitia Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Katika mpango wa namna hiyo hapana nafasi ya kuchungia. Katika nyumba za msonge za Wachaga wa zamani, mifugo ililala upande mmoja na watu upande wa pili, chini ya paa moja. Banda la leo limesogezwa nje, lakini bado liko karibu kiasi kwamba ng'ombe akikohoa usiku, mwenye nyumba anasikia.

Ufugaji huu umesimama juu ya nguzo mbili: kujua hesabu ya tumbo la mnyama, na kuutumia vizuri ule ukaribu.

Kilo 60 kila siku

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji kwa siku chakula kikavu cha asilimia 3 hivi ya uzito wake, yaani kilo 12. Kikavu ni kile kinachobaki maji yote yakiondolewa. Mabingobingo mabichi yakiwa na asilimia 20 ya kikavu, itabidi zikatwe kilo 60 ili zipatikane hizo 12. Mzigo mmoja wa kichwani ni kilo 20 hadi 30. Basi ni mizigo miwili au mitatu kila siku, Krismasi na Pasaka zikiwemo.

Hapa ndipo mgomba unapowadanganya wengi. Gogo lake lipo tele, hukatwa bila jasho, na ng'ombe hulipenda. Lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za gogo hilo ni maji. Kilo 60 za gogo hazifikishi hata kilo 6 za chakula kikavu, na protini iliyomo ni haba. Ng'ombe atatafuna, tumbo litajaa, atalala ametulia, na maziwa yatapungua siku hadi siku. Mwenyewe ataapa kwamba amemshibisha, naye hasemi uongo, kwani tumbo kweli limejaa. Gogo linafaa kama nyongeza, hasa kiangazi ambapo maji yake yenyewe ni msaada. Likigeuzwa mlo mzima, mnyama anakonda huku akila.

Mabingobingo nayo yana wakati wake. Yakikatwa yakiwa na urefu wa mita moja hivi bado ni laini na yana protini. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu, shina linakuwa gumu, ng'ombe anachagua majani na kuacha vijiti, na nusu ya kazi ya mkataji inaishia kwenye samadi. Ndiyo maana wafugaji makini huyakatakata kwa panga au mashine vipande vya sentimita 2 hadi 5 kabla ya kuyatia horini.

Pengo la protini lilipata jibu zuri Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko Embu, katika miaka ya 1990, watafiti walifanya kazi na wakulima wadogo kuujaribu mti wa kaliandra. Walionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani, na kwamba miti 500 hivi inatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani kwa siku mwaka mzima. Idadi hiyo inatisha mpaka mtu atambue kwamba miti hiyo haihitaji shamba lake peke yake: hupandwa mpakani kama uzio, kwenye kingo za matuta, na kandokando ya njia ya kuingilia nyumbani. Kihamba, ambacho tayari kimezoea kupandwa kwa ghorofa, kinaipokea bila shida.

Mizigo hiyo ina wabebaji, na kwa sehemu kubwa ni wanawake. Kiangazi majani ya kihambani yakipungua, wao ndio hushuka tambarare kufuata nyasi na mabua ya mahindi. Siku hizi pikapu na bodaboda zimepunguza safari za miguu, lakini zimeongeza gharama. Maji pia ni mzigo: ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 40 hadi 80 kwa siku, kutegemea joto, aina ya chakula na wingi wa maziwa anayotoa. Akipungukiwa maji leo, ndoo ya kesho itaonyesha.

Kumsoma kabla ya kumlisha

Mfugaji wa ng'ombe mia moja huzisoma takwimu. Mwenye ng'ombe mmoja humsoma mnyama mwenyewe, na hapo ndipo udogo wa ufugaji unapogeuka kuwa faida. Mzoefu anapoingia bandani alfajiri hasemi kitu wala hamwagi majani kwanza. Anasimama. Anaangalia kama masikio yamesimama au yamelegea, kama pua ina unyevu, kama horini kumebaki chakula cha jana. Anaangalia kinyesi: kikiwa cha maji mno, au kikavu chenye mafundo, kuna jambo tumboni. Ng'ombe mwenye afya hucheua saa 7 hadi 10 katika siku nzima, na kila tonge hulitafuna mara 50 hadi 70. Ukimkuta amelala wala hacheui, na saa moja baadaye bado hacheui, hiyo ni habari.

Umuhimu wa jicho hilo unaonekana kwenye ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na vimelea viitwavyo Theileria parva, vinavyobebwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Dalili ya mapema ni tezi iliyo chini ya sikio kuvimba na joto la mwili kupanda kupita nyuzi 40, ilhali kawaida yake ni 38 hadi 39 na kidogo. Dawa ipo, lakini husaidia zaidi ikitolewa mapema. Mnyama akishaanza kuhema kwa shida, matumaini ni madogo. Mwenye mazoea ya kumpapasa ng'ombe wake chini ya sikio kila asubuhi anaigundua tezi hiyo ikiwa bado ndogo.

Kumfungia ndani hakumwondolei hatari hiyo. Kupe huweza kuja na majani yaliyokatwa kando ya njia wanakopita ng'ombe wa wengine, na mnyama ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa hana kinga nao. Kuna chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: mnyama huchomwa vimelea hai, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Huugua kidogo tu, kisha hubaki na kinga ya miaka mingi.

Jambo la pili linalotegemea jicho ni joto la kupandwa. Jike huja kwenye joto kila siku 21 kwa wastani, na joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 hivi. Kwenye kundi kubwa ishara yake ni wazi: ng'ombe husimama tuli wenzake wakimpanda. Kihambani hana mwenzake, basi watu wa nyumbani ndio wanaopaswa kuona. Atalia bila sababu, atakataa kula, maziwa yatashuka ghafla, na ute angavu wa kuvutika kama uzi utaonekana nyuma yake. Kanuni ya wataalamu ni kwamba akionwa asubuhi apandishwe jioni. Akionwa jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Hapo mtaalamu wa uhimilishaji hupigiwa simu. Anafika na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ambamo mirija ya mbegu imehifadhiwa; Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, ndicho kinachozalisha mbegu hizo nchini. Joto moja likipita bila kuonekana, siku 21 zimepotea, na majani yake yote yamebebwa bure.

Mikono ya mkamuaji

Kukamua ni mahali ambapo upole na ufundi havitenganishiki. Kiwele kikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na kufutwa, ubongo wa ng'ombe humwaga homoni ya oksitosini, na kwa muda wa dakika moja hivi maziwa hushuka. Nguvu ya homoni hiyo huisha baada ya dakika tano hadi nane. Mkamuaji anayekatisha kazi ili azungumze na mgeni atakuta chuchu zimekauka huku maziwa yakibaki ndani. Ng'ombe akipigwa au akishtushwa na mbwa, mwili wake hutoa adrenalini, na maziwa hukataa kushuka. Kwa hiyo kumsemesha taratibu wakati wa kukamua ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mikamuo ya kwanza huelekezwa kwenye kikombe cheusi au kitambaa cheusi, ili mabonge ya ugonjwa wa kiwele yaonekane. Kisha chuchu hubanwa kwa vidole vinavyofunga kimoja baada ya kingine kutoka juu kushuka chini. Kuivuta huijeruhi ndani. Mwisho chuchu huchovywa kwenye dawa, na ng'ombe huwekewa majani mabichi papo hapo. Majani hayo yana kazi mahususi: tundu la chuchu huchukua nusu saa hivi kujifunga, na mnyama anayekula hubaki amesimama, hivyo hailazi chuchu iliyo wazi kwenye samadi.

Mwaka 2009 Catherine Douglas na Peter Rowlinson wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwahoji wafugaji 516 wa ng'ombe wa maziwa. Mashamba ambayo kila ng'ombe aliitwa kwa jina lake yalipata wastani wa lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe katika kipindi kimoja cha kukamuliwa. Jina lenyewe si dawa. Anayempa ng'ombe jina yaelekea pia anamtambua kati ya wengine, anamkaribia bila fimbo, na anaona upesi anapobadilika. Kihambani, ambako ng'ombe mmoja hujulikana kwa jina na watoto wote wa nyumba, masharti hayo yametimia bila kupangwa.

Uchungu wa kiuchumi huja miezi miwili kabla ya kuzaa, pale ng'ombe anapotakiwa kukaushwa ili kiwele kipumzike. Kwa siku 60 anakula bila kutoa hata kikombe, na wengi hushawishika kuendelea kumkamua. Atakayelipia ni ndama. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote kutoka kwa mama. Kinga yote imo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ambayo kiwele hutengeneza wakati huo wa mapumziko, na utumbo wa ndama huacha kuipokea baada ya saa 24 hivi. Anyweshwe lita 3 au 4 ndani ya saa sita za kwanza, hata kama ni saa nane za usiku.

Nguvu zinapopungua

Mikopo ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, iliyoenezwa na mashirika kama Heifer International, ilieleweka vizuri vijijini kwa sababu ya sharti lake la kwanza: familia ijenge banda na kupanda majani kabla ya kupewa mtamba. Sharti la pili, kumpa jirani ndama jike wa kwanza, lilihakikisha kwamba mtoaji anabaki kuwa mshauri wa mpokeaji.

Lakini mpango wote huu unadai mikono, na mikono inapungua. Vihamba vinagawanywa kwa watoto hadi vinakuwa viwanja, vijana wanahamia Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na nyumba nyingi zimebaki na bibi na babu wanaompenda ng'ombe wao lakini hawawezi tena kubeba mizigo mitatu kwa siku. Kumbakiza mnyama huku akilishwa magogo ya migomba kwa sababu hakuna wa kukata majani ni kumtesa, hata kama nia ni njema.

Kwa nyumba hizo hesabu ile ile ya tumbo inatoa njia. Mbuzi wawili wa maziwa wenye kilo 50 kila mmoja wanahitaji kilo 4 hivi za kikavu kwa siku, yaani kilo 20 za majani mabichi, ambazo ni mzigo mmoja. Banda lililopo linatosha likiwekewa sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi za kupitisha kinyesi. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano badala ya tisa. Kaliandra iliyokwisha kupandwa mpakani wanaila vizuri, na samadi yao huenda kwenye migomba ile ile. Anayefikiria mabadiliko hayo aanze kwa kupima kwa mizani mzigo anaoweza kuubeba leo bila kuumia, kisha achague mnyama anayeshiba kwa mzigo huo.