Sauti Isiyo na Masikio

Pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Zambia, muuzaji wa siku hizi hanadi mwenyewe. Spika hurudia bei aliyoirekodi, hata kama mezani hapana mtu. Kelele si ngeni: treni ya TAZARA miaka ya 1970 ilinguruma, ikaenda zake. (Karabai nayo iliumiza macho, lakini ilizimwa.) Kanuni za kelele za mwaka 2015 hupima ukali wa sauti, ubaya wa spika ni kwamba haisikii. Chuoni tuliwafundisha wakurufunzi kushusha sauti darasa likichafuka. Jioni moja, spika zikipayuka na taa nyeupe za lori zikinipofusha, nilimpita mtu aliyeniamkia mara tatu. Mke wangu ndiye aliyeniambia tulipofika Njombe: alikuwa mwanafunzi wangu.