Kupita na Kupeta

Kumtafuta mwanamke katika maandishi ya kale ya Kiswahili ni kazi ya jicho kabla ya kuwa kazi ya nadharia. Maandishi hayo yalitumia herufi za Kiarabu, na waandishi wengi wa karne ya 19 waliandika b na p kwa herufi moja tu, ba. Kasra nayo, kile kijistari cha chini ya herufi, ilibeba i na e pamoja. Hivyo neno moja lililoandikwa kwa ba, kasra na ta linaweza kusomwa “pita”, na linaweza kusomwa “peta”. La kwanza ni la msafiri aliye njiani. La pili ni la mtu mwenye ungo, nafaka ikiruka na makapi yakipeperuka. Mwenye haraka husoma “pita” akaendelea. Mtaalamu husita, akarudi mstari wa juu, akashuka wa chini, akitaka kujua nani alikuwapo na mikononi mwake mlikuwa na nini.

Ufundi huu una ndugu yake Hispania ya zama za kati. Mwaka 1948 mtaalamu Samuel Stern alionyesha kwamba mashairi kadhaa ya Kiebrania ya huko yalifungwa kwa mistari, iitwayo kharja, ya lugha ya wenyeji iliyozaliwa na Kilatini. Iliandikwa kwa herufi za Kiebrania bila irabu, na mara nyingi anayesema ndani yake ni mwanamke anayemlilia mpenzi wake. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi: je, hiyo ni sauti ya wanawake wenyewe, au ya washairi wanaume walioiazima?

Tukirudi kwenye Kiswahili, kwa mshairi Mwana Kupona binti Mshamu swali hilo halipo. Mwaka 1858 alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Kwa muda mrefu ulisomwa kama somo la utii wa mke, na toleo la Alice Werner na William Hichens la 1934 lilitangaza hivyo tangu kwenye jina lake. Mwaka 1991 msomi Ann Biersteker aliusoma upya, akaona humo ujuzi wa mamlaka na uwezekano wa kejeli. Beti zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni subira ya msomaji.

Mwaka huo huo wa 1858, wasafiri Waingereza Burton na Speke walikuwa bara, huko Kazeh, eneo la Tabora ya leo. Huku bara kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu msimuliaji mkuu ni mfanyabiashara mwanamume. Huyo ni Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayahamishia kwenye herufi za Kirumi. Humo yumo Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliyeolewa na baba yake Tippu Tip. Anatajwa kwa maneno machache, lakini machache hayo yana uzito. Ndoa ile ilimfanya mgeni wa pwani kuwa mkwe wa mtemi, na bila ya ukwe huo hadhi ya nyumba yake Unyanyembe haieleweki.

Wanawake wasiotajwa kwa majina ndio wanaohitaji ustadi mkubwa kuliko wote. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kike wala cha kiume. “Mpagazi akatua mzigo, akawasha moto”: kiambishi a- hakisemi ni nani. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua, na mazoea humchagulia mwanamume. Msafara mzima hugeuka kuwa wa wanaume kwa kosa la sarufi ya lugha nyingine. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika makala yake ya mwaka 2000, alionyesha kwamba wanawake walisafiri na misafara ya karne ya 19 wakiwa wake na washirika wa wapagazi, na wengine wakiwa wapagazi wenyewe. Msomi aliyelelewa Kiswahili ana faida hapa, kwani anaweza kuiacha a- kama ilivyo, bila kuipa jinsia, mpaka maandishi yenyewe yatoe dalili: chungu juu ya mzigo, ungo, mtoto mgongoni.