Kahawa ya Kihamba

Kihamba cha Wachagga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni shamba la ghorofa. Juu kabisa husimama miringaringa na miruka; chini yake migomba; chini ya migomba mibuni; na ardhini magimbi. Wamisionari wa Kikatoliki walipoleta kahawa ya arabika Kilema, mwishoni mwa karne ya 19, wakulima hawakufyeka migomba ili kuipisha. Waliipanda kivulini, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa: kivuli huchelewesha tunda kuiva, na punje hupata muda wa kujaa.

Kihamba hujilisha chenyewe. Majani ya migomba huliwa na ng'ombe wa zizini, samadi hurudi kwenye mashina, na maji huteremka kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na mababu. Adui wakubwa ni magonjwa mawili, chulebuni kwenye matunda na kutu kwenye majani, ambayo huzishambulia sana aina za zamani kama N39 na KP423. Ndiyo maana miche chotara yenye ukinzani, iliyozalishwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) pale Lyamungo, ina thamani ya pekee kwa mkulima asiyetaka kupulizia sumu.

Lakini ufundi wenyewe huonekana wakati wa mavuno. Huchumwa tunda jekundu tu, moja moja, na tawi lilelile hurudiwa mara kadhaa kwa msimu. Jioni ya siku hiyohiyo matunda humwagwa majini. Yanayoelea huondolewa, yaliyozama humenywa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Punje hutoka zikiteleza kwa ute, kisha huvundikwa siku moja au mbili, kutegemea baridi ya mahali. Hakuna saa inayoamua hapa. Mkulima huzamisha mkono, hukamata konzi ya punje na kuzisugua kiganjani: zikiteleza bado, zikikwaruza zimeiva. Akichelewa, kahawa huchacha na kunuka. Akiwahi, ute uliobaki huharibu ladha. Ustadi huu wa vidole unastahili heshima ileile anayopewa mwonjaji wa kahawa mnadani.

Baada ya kuoshwa, kahawa huanikwa juu ya vichanja, hupinduliwa mara kwa mara, hufunikwa jua linapokuwa kali au mvua inapotishia, na punje zenye kasoro huokotwa hadi unyevu ushuke kufikia takribani asilimia 12.

Ili iuzwe Ulaya kwa jina la kahawa hai, shamba lazima litunzwe bila kemikali zilizokatazwa kwa miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza. Mkulima mdogo hawezi kumudu gharama za ukaguzi peke yake, hivyo wanakijiji hukaguliwa kwa kundi, wakisimamiana wenyewe. Magunia yao hutengwa tangu ghala la chama cha msingi hadi kiwanda cha kukoboa mjini Moshi, kwa sababu yakichanganyika na mengine, shehena nzima huuzwa kama kahawa ya kawaida.