Barakoa na Mvaaji: Nafsi ya Mchezaji katika "Tales of Kenzera: Zau"

Wamunyu, katika Machakos, ni mji wa wachongaji. Uchongaji wao wa biashara huhusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Miongoni mwa kazi zinazochongwa kwa ajili ya watalii zimo barakoa zisizokusudiwa kuvaliwa. Hutundikwa ukutani zikatazamwa. Mhusika mwenye jina katika mchezo wa video ni kinyume chake: hasogei hata hatua moja mpaka mtu mwingine amvae. Je, amvaapo, mchezaji huwa nani?

Wako wanaodai kwamba jina humfukuza mchezaji. Kwa maoni yao, Skyrim (2011), ambamo mchezaji humuumba mhusika wake na kumpa jina, humkaribisha kuliko The Witcher 3 (2015), ambamo hana budi kuwa Geralt. Dai hili lina uzito, walakini halitoshi.

Tales of Kenzera: Zau, mchezo uliotolewa mwaka 2024 chini ya uongozi wa Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, unalipinga. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba yake. Kisa hicho kinasomwa na Zuberi, kijana mwingine aliyefiwa na baba. Na baba huyo ndiye aliyemwandikia. Mchezaji, basi, anawakuta wafiwa wawili waliomtangulia.

Mchezo huu waweza kusikilizwa kwa Kiswahili, na katika Kiswahili ni vigumu kitenzi kuificha nafsi. Zau atumbukiapo shimoni, mchezaji atasema "nimekufa". Lakini Zau amliliapo baba yake, mchezaji huyohuyo hawezi kusema "nimefiwa", isipokuwa msiba huo umemfika yeye pia, atasema "amefiwa". Viambishi hivi viwili, ni- na a-, vyaonyesha kwamba mchezaji huazima mwili wa mhusika bila ya kuuazima msiba wake. Jina ndilo lilindalo mpaka huo. Pasipo jina, msiba ungekosa mwenyewe.

Yafaa ikubaliwe kwamba mchezaji hapewi hiari kubwa. Mapatano na Kalunga ni ya Zau. Mchezaji amepewa mikono na miguu, hakupewa uamuzi. Katika kisa kingine hiyo ingekuwa kasoro. Katika kisa cha kifo, ambacho hakimshauri mtu, unyonge huo ni sehemu ya maana.

Uhakiki wetu umezoea kuwataja mwandishi, msimulizi, mhusika na msomaji. Huyu wa tano haonekani kuwa na nafasi, ilhali lugha ilikwisha mpa jina. Mchezaji, kwa Kiswahili, ni pia yule achezaye ngoma. Zau mwenyewe huvaa barakoa mbili, ya Jua na ya Mwezi. Wamakonde, ambao nao ni mabingwa wa uchongaji, hucheza ngoma ya mapiko kwa barakoa: miguu ni ya mchezaji, uso si wake, na watazamaji hawaoni kwamba mmoja amemfukuza mwenziwe.